Bipu ya Kabla ya Saa Moja

Neema, aliyepokea funguo za chumba changu cha tiba hospitalini wiki tatu zilizopita, ameniomba niandike mambo ya kazini ambayo hayamo kwenye vitabu vya chuo. Nimekubali kwa sababu asubuhi siku hizi sina pa kwenda, na kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Nisipoandika nitaendelea kujiuliza kama nilimwonyesha kopo la vibanio vya nguo lilipo. Lipo rafu ya chini, Neema, nyuma ya mito.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vimechelewa kama mabasi ya masika, na mshahara wa mtumishi kila mtu anaujua hata bila kuambiwa.

Kazi yangu ilikuwa tiba kwa vitendo. Mtu akipigwa na kiharusi, daktari anahangaika asife, mtu wa mazoezi ya viungo anahangaika asimame, kisha analetwa kwangu na mkono uliolala, nami nahangaika na mambo madogo ambayo hakuna anayeyaona mpaka yamshinde: kufunga kifungo, kushika kijiko, kusonga ugali, kujitawaza. Wagonjwa waliniita daktari wa mikono. Mwaka wa kwanza niliwarekebisha. Mwaka wa pili nikachoka.

Mimi ni mtu wa Mbinga, kusini kabisa. Nilipopangiwa Mbulu nilitafuta kwenye ramani, na siku niliyofika ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliiona hospitali nilipogonga geti lake. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Niliapa mambo mawili siku ile: kwamba nitakaa mwaka mmoja tu, na kwamba sitamdhuru mgonjwa. Yote mawili sikuyatimiza.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Dongobesh. Nilimpangia vikombe sita vya plastiki upande wa kushoto, kama nilivyofundishwa Moshi chuoni, nikamwambia avihamishe kimoja kimoja kwenda kulia. Akavihamisha kwa shida kubwa, jasho likimtoka. Alipofikisha cha sita akaniuliza, "Sasa nivirudishe?" Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba mgonjwa ni mimi.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa wodi, Mzee Boay, ambaye hakuwa na cheti chochote. Alimchukua yule mzee akamkalisha nje kwenye benchi, akamwekea hindi kavu kwenye kiganja kibovu na kumwambia apukuchue kwa kizima. Kile kibovu kikabana. Hakikubana sana, lakini kilibana chenyewe, bila kuambiwa. "Mkono unaikumbuka kazi yake," Mzee Boay aliniambia. "Vikombe vyako hauvijui. Kabla hujamshika mtu mkono, muulize alikuwa anaufanyia nini."

Ndiye pia aliyenifundisha kutengeneza banzi la kuegemezea kiganja kwa bomba la maji la plastiki. Unalipasua, unalipasha juu ya mkaa mpaka lilegee, unalikandamiza juu ya mkono uliozungushiwa taulo. Sharti lake lilikuwa moja: kwanza ulipime kwenye mkono wako mwenyewe, maana mkono wa mgonjwa huenda hausikii moto, na asiyesikia moto hapigi kelele. Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto kwa ajili ya somo hilo. Nilidhani nimelielewa.

Mwaka mmoja ukawa kumi na moja, kisha nikahamishiwa Katesh, nikaoa, nikajenga chini ya mlima Hanang, watoto wakakua. Wasiwasi nao ukakua. Nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha tiba, nafika getini, narudi kuutikisa. Mlinzi alizoea, akawa ananiambia mapema, "Umefunga, bosi, nimekuona." Bado nilirudi.

Sasa nifike kwa Mama Emanueli, maana bila yeye haya mengine ni maelezo ya rafu na vibanio.

Alikuwa mjane wa Getanuwas, umri ukikaribia sabini. Kiharusi kilimkuta uani akipepeta dengu. Jirani yake, Mama Lusia, alimkuta amekaa chini, ungo umepinduka, akisema kwa ulimi mzito kwamba mkono wake wa kulia umeondoka. Baada ya wiki mbili wodini ulimi ulikuwa umerudi wote, pamoja na ukali wake. Mguu ulikuwa unaburuta lakini unabeba. Mkono ndio uliokuwa unaning'inia.

Mwanawe, Emanueli, ni mwalimu Babati. Ni mtoto mwema, na nasema hivyo kwa sababu mtaona tulivyovutana. Alikuwa ameshamwandalia mama yake chumba nyumbani kwake, chenye sakafu ya tailizi.

"Mama, huwezi kukaa peke yako kule porini na mkono mmoja," alisema mbele yangu.

"Porini? Pale ni nyumbani. Baba yako amelala pale. Na ng'ombe wangu watatu nani atawakamua? Hayo matailizi yako?"

"Ng'ombe tutauza, mama."

"Basi uniuze na mimi."

Walikwenda hivyo kwa muda, kisha Emanueli akanigeukia. "Daktari aamue yeye. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nitakuja. Akisema unaweza kujipikia na kujitunza, utabaki. Akisema huwezi, tunaondoka siku hiyo hiyo, na sitaki maneno."

Mama akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Nakubali. Huyu haonekani mwongo."

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilirudi nyumbani nikiwa na miezi minne na maisha ya mtu mfukoni, na mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, akaniuliza kwa nini nakula bila kutafuna.

Siku ya kumruhusu kulikuwa na foleni mlangoni. Nilimwonyesha Mama Emanueli mazoezi haraka haraka, nikamalizia kwa maneno niliyowaambia wagonjwa wote: "Mkono usilale, mama. Ufanyishe kazi kila siku." Akaitika vizuri. Nikaita mwingine.

Kilichonipita ni hiki: nilikuwa nazungumza na mkulima. Kwa watu wa kule, kazi ni shamba. Mengine yote ni shughuli za nyumbani. Baada ya wiki tano Mama Lusia alimrudisha, nami nikamvua mgonjwa shali. Bega lilikuwa limeachana na kiungo chake, kidole changu kikaingia kwenye pengo. Kiganja kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na kukigusa tu kulimfanya aume meno.

"Mama, umefanya nini?"

"Si ulisema usilale?"

Alikuwa ameufunga mkono kwenye mpini wa jembe kwa kipande cha kanga, akalima kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukivutwa kila jembe linapoinuka. Mvua zilikuwa karibu. Alikuwa amemaliza matuta manne.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya chumba cha kufulia. Sioni aibu kusema kwamba nililia. Mwanamke huyu alikuwa ametii neno langu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia, na utii ndio uliomuumiza. Niliporudi nilimwomba msamaha. Akashangaa. "Msamaha wa nini? Matuta yamenyooka."

Neema, hapa usome mara mbili. Mkono uliolala usivutwe kamwe, wala na mgonjwa, wala na ndugu anayemwinua kitandani. Akikaa, uegemee mto. Akisimama, uegemezwe kwa kitambaa. Na usimwambie mtu kitu kisha ukaita mwingine. Muonyeshe, kisha akuonyeshe yeye. Kuanzia siku ile hakuna mgonjwa aliyevuka mlango wangu bila kunionyesha nilichomwambia, na foleni ikawa ndefu, na nikalalamikiwa, na sikujali.

Mwezi mzima tuliupoteza kutuliza lile bega. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kisha nahesabu tena kutokea mwisho, kana kwamba zingeongezeka. Kila Alhamisi nilichukua pikipiki ya hospitali kwenda Getanuwas. Njiani nilikuwa najiambia kwamba leo nitakuta bega limeshuka tena, leo nitakuta ameanguka, leo nitakuta Emanueli amekuja kabla ya wakati. Nilikuwa nikikuta chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa."

Tulianza na meza. Kitambaa chini ya mikono yote miwili, mbele na nyuma, akifuta meza ambayo ilikuwa safi tangu wiki iliyopita. Hilo lilimkera, kwa hiyo nikamwaga unga. Akafuta kwa bidii. Kisha kuchambua maharage kwenye ungo, mazuri huku, mabovu kule, mkono mzima ukimfundisha mwenzake. Kisha kupukuchua mahindi, kwa heshima ya Mzee Boay. Kisha vibanio kwenye kamba ya nguo, kwanza vile vilivyolegea. Kabla ya mwezi wa kumi na moja kwisha, vidole vilikuwa vinafumba vyenyewe na kufumbuka nusu.

Taabu nyingine ilikuwa heshima. Huku mtu mzima akiugua, kila anayepita anataka kumtendea. Mama Lusia alikuwa anakuja asubuhi kumsongea ugali, kumfulia, kumkamulia, hata kumfunga kilemba. Ilibidi nimwambie kwa upole kwamba wema wake unaulaza ule mkono. Hakunielewa. "Nikae namwangalia tu jirani yangu anahangaika? Watu watasemaje?" Nikamwambia aseme nimemkataza mimi. Kwa wiki mbili, nadhani, pale Getanuwas nilikuwa mtu mbaya kuliko wote.

Kukamua tulijaribu mwisho. Mkono wa kulia uliweza kubana chuchu, lakini polepole, na ng'ombe hana subira na mgonjwa. Mara ya kwanza alipiga teke kibuyu. Mara ya tatu alitulia. Maziwa yalitoka mengi kwa kushoto, machache kwa kulia, na Mama Emanueli akacheka mpaka akaegemea ubavu wa ng'ombe.

Emanueli alikuja wiki moja kabla ya Krismasi. Nilikuwa na mtihani wangu ambao niliutumia miaka yote: mtihani wa ugali. Mgonjwa anawasha moto, anabandika maji, anasonga, anaepua, anapakua, anaosha vyombo, na mimi nakaa kwenye kigoda mikono nimeifunga. Kigoda chenyewe ndicho adhabu yangu. Kila mwiko uliposimama, moyo wangu ulisimama nao.

Akawasha. Akabandika. Akasonga kwa mikono miwili, wa kulia ukibana sufuria kwa kitambaa, wa kushoto ukigeuza mwiko. Akaepua. Ugali ulikuwa umepinda upande mmoja lakini ulikuwa ugali. Emanueli alikula, kisha akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Nilimwona akifuta macho.

Nilibaki na mama jikoni. Hapo ndipo nilipoona kwamba mkono wa kulia ameuingiza chini ya kitenge.

"Nionyeshe, mama."

"Umechoka tu."

"Nionyeshe."

Pembeni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, ngozi ilikuwa nyeupe na imeinuka. Kile kitambaa kilikuwa kimeteleza, na nyama yake ilikuwa imekaa kwenye sufuria ya moto muda wote wa kusonga. Hakuwa amesikia. Aliona alipoosha vyombo, akaficha. Na mimi niliyekuwa nimekaa hatua mbili, mwenye kovu la somo hilo kwenye kidole, nilikuwa nautazama mwiko tu.

Alinishika kwa mkono wa kushoto. "Mwanangu, naomba. Usimwambie. Nitakuwa mwangalifu. Ukimwambia, nimekwisha."

Nikisema, natia nguvu zote za miezi minne kwenye buti ya gari la Emanueli pamoja na godoro la mama. Nikinyamaza, siku moja Mama Lusia atakuta moshi. Nikakumbuka matuta manne. Neno langu lilikuwa limeshamuumiza mara moja, na nilikuwa naogopa kwamba ukimya wangu ungemuua.

Nilitoka uani nikamwambia Emanueli, mama yake akiwa amesimama mlangoni anasikia. Nilisema mkono umerudi kufanya kazi lakini haujarudi kusikia moto, na huenda usirudi kamwe. Nikasema leo ameungua na hakujua. Mama aligeuza uso akaingia ndani.

"Basi," Emanueli alisema kwa sauti ndogo. "Umesema mwenyewe."

"Sijamaliza. Nimesema hasikii moto. Sijasema hawezi kubaki."

Sijui ule ujasiri ulitoka wapi, maana si wangu. Nikampa masharti. Jiko la mafiga liondolewe, lijengwe la udongo lililoinuka, lenye kushika sufuria isiyumbe. Vishikio vyote vizungushiwe kamba nene. Kila chombo kiguswe na mkono wa kushoto kwanza. Na kila asubuhi, akishawasha moto na kukamua na kujikagua kiganja, anibipu. Mara moja, kabla ya saa moja, kwa kidole gumba cha kulia.

"Na asipobipu?" Emanueli aliuliza.

"Nampigia Mama Lusia."

"Na Mama Lusia asipopatikana?"

"Nakuja mwenyewe."

Emanueli akavua shati la safari, akaanza kukanyaga udongo wa jiko. Krismasi ile walikula pale pale, na mwezi wa kwanza Emanueli akarudi Babati peke yake.

Mama Emanueli alininunia miezi miwili. Nilipokwenda Alhamisi aliitikia shikamoo yangu akitazama ng'ombe, na chai ilikuja bila sukari. Lakini kila asubuhi, kabla ya saa moja, simu yangu ililia mara moja ikakatika. Alinuna na kubipu, kubipu na kununa.

Bipu ilikosekana mara mbili tu. Mara ya kwanza mtandao ulikatika wilaya nzima, na nilikuwa nimeshafika nusu ya njia nilipoambiwa. Mara ya pili Mama Lusia naye hakupokea, nikaendesha pikipiki kwa namna ambayo mkuu wa hospitali hakupaswa kuijua. Nilimkuta mama amesimama kwenye birika la ng'ombe, mkono wa kulia ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, anatafuta simu. "Umekuja," alisema. "Vizuri. Shika upande ule." Siku ile chai ilikuwa na sukari.

Miaka imepita. Mke wangu alifariki. Watoto wako Dodoma na Mwanza, wanapiga Jumapili. Wiki tatu zilizopita waliniaga kazini kwa keki, blanketi na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nilimkabidhi Neema funguo, madaftari na namba za wagonjwa. Namba moja sikuikabidhi.

Leo asubuhi niliamka kama kawaida, nikaweka simu mezani kando ya karatasi hizi. Saa moja ikafika, ikapita. Nikampigia Mama Lusia, hakupokea. Saa moja na robo nilikuwa nimevaa viatu. Pikipiki si yangu tena, kwa hiyo nilikuwa natafuta namba ya bodaboda, vidole vinakosea, ndipo simu ikalia. Ililia mara moja, mara mbili, mara tatu, haikatiki. Katika miaka yote hii hakuwahi kupiga. Niliogopa kupokea, maana anayepiga kwa simu ya mtu aliyekuwa anabipu mara nyingi huwa si yeye.

"Haloo?"

"Umeamka?" Ilikuwa sauti yake, na ukali wake.

"Mama! Shikamoo. Kuna nini? Umeungua?"

"Marahaba. Sijaungua. Nimekamua, moto unawaka, mkono nimeukagua. Nasikia umestaafu."

"Ndiyo, mama. Wiki tatu."

"Na hukuniambia. Nimeambiwa na Mama Lusia, naye kaambiwa mnadani. Sasa unakaa na nani hapo Katesh?"

"Nakaa peke yangu."

"Unapika mwenyewe?"

"Napika."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake. "Sasa sikiliza, mwanangu. Kuanzia kesho wewe ndiye utakayebipu kwanza. Kabla ya saa moja. Nikiona yako, nakurudishia yangu. Nisipoiona, nampigia yule binti uliyempa funguo. Nisipompata, napanda boda nakuja."

"Mama, una miaka..."

"Nakuja mwenyewe," alisema, akakata.

Nilibaki nimekaa na viatu miguuni. Miaka thelathini na kitu nimehangaika kujua kama watu wengine wameamka salama. Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nisipoonekana atakuja. Niliinamia meza hii, na karatasi ya kwanza ya kumbukumbu hizi, Neema, ile yenye habari za vibanio, ukiona wino umesambaa, ni hapo.

Kesho nitabipu saa kumi na mbili na nusu. Najijua, huenda ikawa saa kumi na moja.